Doa Nililolipika kwa Maji ya Moto

Kama umejifungia bafuni sasa hivi na kuna nguo kwenye ndoo, tumia maji ya baridi. Usichemshe chochote. Loweka, tia chumvi, acha, mwaga, rudia. Maji yakishatoka bila wekundu ndipo uchukue sabuni ya mche, usugue taratibu kutoka pembeni ya doa kwenda katikati, halafu uanike juani. Mengine nitakayosema yanaweza kusubiri. Hilo la maji ya baridi haliwezi, kwa sababu mimi nililikosea, na kosa lenyewe tumekaa nalo nyumbani tangu Julai hadi Julai.

Naandika kwa ajili ya msichana anayetokwa na damu kuliko inavyotakiwa na hajamwambia mtu. Sikujui, lakini najua leo umevaa nguo nyeusi.

Mimi ni mtu wa kufikiri sana. Wenzangu wa chuo kule Makumira walikuwa wakinitania kwamba naweza kukosa usingizi kwa swali ambalo mwalimu hajauliza. Nilipohitimu nilirudi kwa mama, Sokon One hapa Arusha, nikiwa na shahada ya ualimu na sina kazi. Baba alifariki nikiwa sekondari. Mama anauza mashuka ya mtumba sokoni Kilombero, na ndiyo yaliyonisomesha. Kazi yangu ikawa kuyapiga picha na kuyaweka kwenye status ya simu yake, kisha kuwajibu wateja wanaouliza kama rangi ni hiyo hiyo au ni picha tu.

Mama anajua madoa kama mwalimu anavyojua miandiko ya wanafunzi wake. Akifungua robota jipya analipitisha shuka moja moja mbele ya dirisha, anasema: "Hii chai. Hii kutu. Hii mtoto. Hii damu, ya zamani, itatoka." Mara nyingi inatoka kweli. Sasa fikiria wewe una damu ya kuficha, na mtu wa kumficha ni huyo.

Ilianza Julai. Wale wa Arusha mnajua Julai ilivyo: ukungu unaufunika mlima, nguo zinakaa kwenye kamba hadi zinanuka, na maji ya bomba yanakata vidole. Siku zangu zilikuja kama kawaida, zikakataa kuondoka. Niliamka nimelala juu ya unyevu. Shuka lilikuwa la bluu mpauko lenye maua madogo meupe, nilikuwa nimelichagua mwenyewe kutoka kwenye robota kabla mama hajaliweka bei. Mikono ilikuwa inauma kwa baridi, nikaona nifanye kama tunavyofanya kwa kila kitu Julai, nikachemsha maji. Nilipomimina, ule wekundu ulibadilika mbele ya macho yangu, ukawa rangi ya ini lililoiva. Nikatia dawa ya kung'arishia nguo. Bluu ikachuja, doa likabaki na pete ya njano. Nikalikausha kwa pasi, jambo ambalo sasa najua lilikuwa la kulimalizia kabisa, nikalikunja na kulisukuma chini ya gunia la mashuka ambayo hayajauzwa.

Baada ya hapo maisha yangu yote yalikuwa ni kupanga. Kabla ya kwenda popote nilijiuliza choo kiko wapi, kiti ni cha kitambaa au cha plastiki, nitakaa karibu na mlango au la. Niliitwa usaili kwenye ofisi moja ya watalii pale mjini. Nilijibu vizuri, hata mimi nilijisikia najibu vizuri. Yule dada aliyekuwa ananihoji akasimama, akanipa mkono, akasema, "Asante, tutakupigia." Mimi nikabaki nimekaa. Kiti kilikuwa cha kitambaa cha krimu. Akatabasamu, akarudia, "Tumemaliza, dada." Nikamwuliza swali kuhusu kampuni, kisha jingine, kisha jingine, hadi tabasamu lake likaisha. Mwishowe niliondoka kinyumenyume nikiwa nimeshika bahasha ya vyeti nyuma yangu. Hawakupiga.

Shuka lilionekana Agosti. Mama alibeba lile gunia kwenda nalo sokoni, mteja akavuta moja, akalikunjua mbele za watu. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa alivyosema: "Mama Nashipai, hili mbona lina kidonda?"

Mama alirudi jua likiwa bado juu, jambo ambalo huwa halifanyi. Akaliweka shuka juu ya meza ya chakula.

"Nashi, njoo."

"Abee mama."

"Hii damu imepikwa."

Nikaanza kulikunja, akanizuia kwa kiganja.

"Wazungu hawapiki damu. Shuka likichafuka wanalitupa na damu yake. Aliyepika hii ni mtu wa humu ndani, na humu ndani tuko wawili."

"Ni siku zangu, mama."

"Siku zako? Damu yote hii ya mtu mmoja?" Aliligusa doa kwa kidole, kama anavyogusa kitu kabla ya kukipangia bei. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mimba ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na mimba. Sikuwahi kuwa nayo. Nilisema hivyo, nikaapa, nikalia, na kila nilivyozidi kulia ndivyo nilivyofanana na msichana aliyetoa mimba. Hilo ni jambo la kutisha kwa mtu kama mimi: kujisikiliza unasema ukweli na kuona unavyosikika kama uongo. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kuniita kwa jina. Chakula kilipoiva alisema, "Chakula," akielekea upande wa jikoni.

Tulikwenda zahanati, kisha tukaelekezwa hospitali moja mjini kupigwa utrasaundi. Kwenye benchi la kusubiria mama aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Mama mmoja mjamzito akaja akaijaza, akashukuru kwa kuwekewa nafasi. Ndani, mpimaji aliangalia kioo muda mrefu, akasema nina uvimbe kwenye kizazi, si mmoja, na kwamba hakuna dalili ya ujauzito uliotoka. Mama akafunika uso kwa khanga, akasema, "Asante Yesu." Nilimwona anamshukuru Mungu, na alichokuwa anashukuru ni uvimbe.

Hakuniomba msamaha. Alianza tena kuniita Nashi, na nikaambiwa kwa namna hiyo kwamba yameisha.

Hayakuwa yameisha. Vidonge vilinifikisha Oktoba. Mvua za vuli zilipoanza nikachomwa sindano ya kuzuia damu, ikazuia kidogo, kisha ikawa kama imefungua bomba. Nakuambia yaliyoupata mwili wangu ili yakikupata usidhani unachanganyikiwa. Viganja vilipauka. Moyo ulinidunda masikioni nikipanda tu ngazi za kanisa. Nilitamani udongo, ule wa kula unaouzwa sokoni, nikawa natembea nao kwenye pochi kama pipi. Nywele zilibaki kwenye kitana. Tumbo likajaa, na Jumapili kina mama wa kwaya wakaanza kunisalimia huku wakilitazama. Mama akanivalisha sweta lake kubwa.

"Wakikuuliza," alisema, "sema una vidonda vya tumbo."

"Kwa nini nisiseme uvimbe?"

"Uvimbe wa wapi? Wakishauliza wa wapi, utawajibuje? Ukisema kizazi, wewe hutaolewa, na wengine watasema kile nilichosema mimi."

Hapo tu ndipo alipoligusia. Nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima nikiigeuza, kama ilikuwa msamaha au hapana.

Februari, joto na vumbi, nilianguka uani nikianua nguo. Mama alimwita Samweli, kijana wa bodaboda anayeegesha kwenye kona yetu. Tulipanda mshikaki: Samweli mbele, mimi katikati nikiegemea mgongo wake, mama nyuma akinishika nisianguke. Nakumbuka Samweli akisema, "Dada usilale, niimbie hata wimbo mbaya." Nakumbuka pia nilikuwa nawaza kiti chake.

Nililazwa. Daktari alieleza mambo mawili. La kwanza, hawezi kusubiri tena kunipasua, ila hawezi kunipasua nikiwa na damu kidogo kiasi kile. Nitawekewa ya hospitali, lakini ndugu waje kuchangia, na waje haraka. La pili, atatoa uvimbe na kuacha kizazi, lakini damu ikigoma kusimama atatoa kizazi chote, kwa sababu kati ya kizazi na mimi atanichagua mimi. Niliweka sahihi.

Mama alitoka koridoni kumpigia baba mdogo Lemayan, mdogo wake marehemu baba, anayelima na kufuga Oldonyo Sambu. Nilimsikia kupitia dirishani.

"Shemeji, mtoto anataka damu. Ndiyo. Amegongwa. Bodaboda, ndiyo. Ameumia ndani."

Ungekuwa mgeni ungesema ni uongo mdogo wa mama mwenye aibu. Lakini sisi ni Waarusha. Kwetu, mtu wa ukoo akimwagwa damu na mtu wa pembeni, wazee hawasubiri polisi. Wanamtafuta mhusika, wanakaa naye, wanaongea, na anatoa mifugo. Mama anajua hivyo tangu azaliwe, lakini siku hiyo aibu ilimjaa hadi akasahau yeye ni nani. Na mimi niliyesikia, ninayewaza kila kitu mara kumi, sikuwaza hilo hata mara moja.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, mama na mimi, nikiwa na gauni la hospitali na khanga. Baba mdogo akaingia getini na lubega yake, mashuka mekundu ya kufunga begani, na fimbo, nyuma yake Mzee Lazaro jirani yake wa huko juu, na katikati yao Samweli, akitembea kama mtu aliyekamatwa akiwa bado anatafuta sababu.

Nilisalimia, nikainamisha kichwa, baba mdogo akanigusa utosini. Kisha akamgeukia mama.

"Shemeji, mhusika tumempata. Hajatusumbua. Tumefika kijiweni, nimeuliza tu nani aliyempakia binti wa marehemu kaka yangu, huyu akanyoosha mkono mwenyewe."

"Nilidhani mmekuja kunishukuru!" alisema Samweli. "Dada Nashi, waambie. Nimeletwa hapa kama mbuzi."

"Kijana, tulia," alisema Mzee Lazaro, "mbuzi hasemi sana hivyo." Akamzunguka Samweli, akimkagua viwiko. "Ila Lemayan, mimi kuna kitu sielewi. Pikipiki imeanguka na watu watatu, ameumia wa katikati peke yake? Hiyo pikipiki ina macho?"

"Mzee, mimi sijaangusha mtu tangu nianze kazi! Ningekuwa mtu wa kuanguka ningekuwa na meno yote haya? Nilimkuta tayari ana damu. Kiti changu kimelowa, nimekiosha nyumbani, nikanyamaza, hata mke wangu sikumwambia."

"Mmesikia?" alisema baba mdogo. "Kiti kimelowa damu, kakiosha, kanyamaza. Mtu asiye na kosa anaosha damu ya nini?" Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha, utulivu wake. "Hatutaki ugomvi, kijana. Utakaa na wazee, utatoa ng'ombe, tutamaliza."

"Ng'ombe! Mzee, hata pikipiki yenyewe si yangu!"

Samweli alinitazama. Alikuwa anajua damu ile ilikuwa ya nini. Yeye si mtoto, ana mke. Angeweza kusema neno moja mbele ya wale wazee na akaondoka zake, lakini alikuwa ananisubiri mimi niseme au nikatae. Sijawahi kutazamwa kwa heshima ya namna hiyo na mtu aliye kwenye matatizo.

Nilifikiri. Nikinyamaza, anabeba yeye. Nikisema, namvua mama nguo mbele ya shemeji yake, naye amenifichia kwa namna pekee aliyoijua. Nikafungua mdomo, na sikujua kitakachotoka.

"Mwacheni kijana wa watu," alisema mama.

Alikuwa anaangalia chini, anavuta uzi kwenye pindo la khanga.

"Hakuna pikipiki iliyoanguka. Nilikuwa nimekaa nyuma yake mimi mwenyewe, ningeona. Mtoto ana uvimbe kwenye kizazi. Anatokwa na damu ya kike tangu mwaka jana, haikatiki. Nilisema ajali kwa sababu ajali haina aibu." Akaukata ule uzi. "Na kabla ya hapo nilimwambia ametoa mimba. Nimekaa naye meza moja nikimwona muuaji. Hakutoa. Hakuwa nayo. Sijamwambia bado kwamba nilikosea, ndiyo namwambia sasa, na ninyi mkiwa hapo."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, gurudumu moja likilia. Mama hakuinua uso kunitazama, nami sikuweza kumshika mkono, tulikuwa hatujazoea. Nilisogea tu kwenye benchi hadi bega langu likagusa lake.

Baba mdogo alikohoa. Wanaume wa kwetu hawaongei mambo hayo, na hapo alikuwa ameongeleshwa mbele ya jirani yake. Nilidhani ataondoka.

"Shemeji," alisema mwishowe, "damu inayotakiwa ni ile ile?"

"Ile ile."

"Ya ajali na ya kizazi haibagui?"

"Haibagui."

"Basi tuonyeshwe pa kutolea. Mimi nimekunywa damu ya ng'ombe tangu sina meno, lazima kuna iliyozidi."

Mzee Lazaro alikataliwa kwa sababu ya umri, akagombana na mtu wa maabara hadi akapewa soda ili anyamaze. Samweli alijipanga bila kuombwa. "Na mimi natoa," alimwambia baba mdogo. "Safari hii mkisema kuna damu kwangu iwe kweli." Baba mdogo akacheka, akampiga begani, na hiyo ndiyo kesi yote iliyofanyika.

Nilipoinuka kurudi wodini nilihisi. Unajua unavyohisi. Niligeuka, benchi lilikuwa na alama, na gauni la hospitali ni la kijani hafifu. Niliganda pale pale, kama kwenye ile ofisi ya watalii. Baba mdogo alivua lubega yake ya juu, akanizungushia kiunoni, akaikaza kwa fundo la wachungaji.

"Hii haionyeshi," alisema, akaenda kutafuta maji ya kumwaga kwenye benchi.

Upasuaji siukumbuki. Nakumbuka kuamka na koo kavu na maumivu kama mtu amenikalia tumboni. Nilikuwa na swali moja. Mama alilijua, akalijibu kabla sijapata sauti.

"Kipo," alisema. "Ila daktari hajaahidi kitu."

Nisikudanganye, bado hajaahidi. Uvimbe unaweza kurudi. Kuna kovu linalovuta mvua ikikaribia, na masika yote nilitembea nimeinama kama bibi. Kuna kijana mmoja aliyekuwa ananitafuta ambaye baada ya kusikia habari alianza kuchelewa kujibu ujumbe, kisha akaacha. Kanisani walisema yote ambayo mama aliyaogopa, na mama alikaa kiti chake kile kile akiwa wima. Sijapata kazi. Lakini viganja vyangu vimerudiwa na rangi, na udongo sitamani tena.

Mambo machache niliyojifunza ni haya. Nenda na mtu hospitali, hata kama hamuongei. Watafute wa kuchangia damu kabla hujaanguka, na waambie ni ya nini. Beba khanga mbili za rangi nzito. Ukikalia kiti cha mtu kikachafuka, sema. Wengi watakimwagia maji tu wakaendelea na kazi.

Mwezi huu ni Julai tena. Mlima hauonekani. Jumanne mchana siku zangu zilirudi, za kwanza kuja kwa nguvu tangu nipasuliwe. Daktari alishasema zinaweza kuwa nzito mwanzoni na zikawa za kawaida tu. Nilijua hivyo. Hata hivyo nilitandika mfuko wa nailoni juu ya godoro, nikakaa pembeni ya kitanda na koti, nikiogopa kulala, nikiwaza kama ndiyo imerudi, kama kesho nitakuwa nani.

Mama alirudi kutoka sokoni akanikuta hivyo. Akautazama ule mfuko. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na kitu kimekunjwa vizuri chini ya kwapa. Lilikuwa lile shuka la bluu. Nilidhani alishalitupa siku nyingi, au amelichana kuwa vitambaa vya kudekia.

Alitoa nailoni, akalitandika, akazipiga kona zake kama anavyofanya kwa mteja. Doa lilikuwa pale katikati, la kahawia, na ile pete yake ya njano.

"Nililijaribu kwa kila ninachokijua," alisema. "Halitoki. Ulilipika mno." Akalipapasa kwa kiganja ili linyooke. "Hili tayari limeshachafuka, Nashi. Lala, usiogope."

Nikalala.